Rais wa Zanzibar na Mahkama Kuu: kiti kilichotangulia katiba

Januari 12 tunapumzika kwa ajili ya Mapinduzi, Aprili 26 tunapumzika tena kwa ajili ya Muungano, na baina ya sikukuu hizo mbili maswali huchacha mabarazani, kuanzia Jaws Corner pale Mji Mkongwe hadi vijiwe vya kahawa vya Chake Chake na Wete. Kama tuna Rais wetu, mbona kuna mwengine Dodoma? Kama Mahkama yetu ni Kuu, vipi hukumu yake itenguliwe na majaji wa mahkama nyengine? Na Jaji Mkuu wa Zanzibar, ni mkubwa au mdogo kwa Jaji Mkuu wa Tanzania?

Majibu yanayosikika sana ni mawili. Wapo wanaosema Rais wa Zanzibar ana mamlaka yote ya mkuu wa dola ila amezuiliwa tu kuyatumia. Wapo wanaosema ni kama mkuu wa mkoa aliyeongezewa msafara na king'ora. Yote mawili yanakosea, na kosa lenyewe linatoka pahala pamoja: tunavisoma vyeo hivi kana kwamba viliandikwa siku moja, kwa kalamu moja. Urais wa Zanzibar ulizaliwa Januari 1964, na katiba ya kwanza ya Zanzibar iliyoueleza ikaanza kutumika Januari 1980. Kwa miaka 16 kiti kilikuwapo na mtu amekikalia, lakini hapakuwa na waraka wa katiba ya visiwa unaosema mwenye kiti anaanzia wapi na anaishia wapi. Mahkama Kuu nayo ina asili kongwe kuliko urais. Ikaja ikapokonywa sehemu kubwa ya kazi zake, kisha ikarudishiwa mwaka 1985. Mambo mengi yanayotutatiza leo yanatoka kwenye miaka hiyo ya katikati.

Kwanza tukubaliane maana za maneno manne, maana ugomvi mwingi wa barazani ni wa watu wanaotumia neno moja kwa maana mbili.

Dola ni nchi inayotambulikana na nchi nyengine: ina kiti Umoja wa Mataifa, inasaini mikataba, ina jeshi. Serikali ni chombo kinachoendesha mambo, na dola moja inaweza kuwa na serikali zaidi ya moja ndani yake. Mambo ya Muungano ni orodha maalumu ya shughuli ambazo Zanzibar na Tanganyika ziliamua zisimamiwe na serikali moja. Kisichokuwamo kwenye orodha, kwa upande wa Zanzibar, ni cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Na Mahkama Kuu ni ngazi ya mahkama inayosikiliza kesi nzito na kuzisimamia mahkama za chini yake. Kuwa kuu si lazima iwe ya mwisho, kama ambavyo tutaona.

Miezi mitatu na nusu

Zanzibar ilipata uhuru kutoka Uingereza Desemba 10, 1963, na Desemba 16 ikapokelewa Umoja wa Mataifa. Lakini hapakuwa na rais. Mkuu wa dola alikuwa Sultani Jamshid bin Abdullah, na serikali iliongozwa na Waziri Mkuu Muhammad Shamte Hamadi, mtu wa Pemba, kwa muungano wa vyama vya ZNP na ZPPP. Utaratibu ule ulidumu mwezi mmoja na siku mbili.

Usiku wa kuamkia Januari 12, 1964 yakatokea Mapinduzi. Sultani akaondoka kwa meli, katiba ya uhuru ikawekwa pembeni, na nchi ikatangazwa kuwa Jamhuri ya Watu wa Zanzibar. Mzee Abeid Amani Karume, kiongozi wa chama cha Afro-Shirazi, akawa Rais. Hakupigiwa kura, wala hakuapishwa kwa katiba iliyopitishwa na bunge. Mamlaka yote, ya kutunga sheria na ya kutawala, yaliwekwa mikononi mwa Baraza la Mapinduzi, na Rais ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake. Amri zilizotiwa saini na Rais ndizo zilizokuwa sheria.

Hapo ndipo kilipotoka cheo kirefu tunachokisikia hadi leo kwenye taarifa za habari: Rais wa Zanzibar na Mwenyekiti wa Baraza la Mapinduzi. Kijana wa leo huuliza kwa nini mtu mmoja aitwe mara mbili. Sababu ni kwamba mwaka 1964 cheo cha pili ndicho kilichobeba nguvu ya kwanza. Rais alitawala kwa kuwa anaongoza Baraza. Baraza hilo bado lipo, ila kazi yake imebadilika: sasa ni baraza la mawaziri la Zanzibar, na kutunga sheria ni kazi ya Baraza la Wawakilishi lililoko Chukwani.

Serikali mpya iliahidi kwamba ndani ya mwaka mmoja litaitishwa baraza la kutunga katiba. Ahadi hiyo iliahirishwa, na ikaendelea kuahirika. Mimi huliona hili kuwa jambo la kusikitisha kuliko mengi katika historia ya kiti hiki, kwa sababu katiba ingeandikwa wakati ule, wakati makubaliano ya Muungano yangali mabichi na walioyasaini wako hai, maswali mengi tunayobishania leo yangejibiwa na wahusika wenyewe.

Aprili 22, 1964, Mwalimu Julius Nyerere na Mzee Karume walitia saini Hati za Makubaliano ya Muungano hapa Unguja, na Aprili 26 Muungano ukaanza. Hesabu mwenyewe: tangu Januari 12 hadi Aprili 26 ni kama miezi mitatu na nusu. Huo ndio muda pekee ambao Rais wa Zanzibar alikuwa mkuu wa dola kwa maana kamili, mwenye nchi yenye kiti chake Umoja wa Mataifa na mabalozi wanaoletwa kwake. Baada ya hapo dola ikawa moja, na mkuu wake ni Rais wa Jamhuri ya Muungano.

Hati za Muungano zilitaja mambo 11 ya kukabidhiwa Muungano: katiba na serikali ya Jamhuri ya Muungano, mambo ya nje, ulinzi, polisi, hali ya hatari, uraia, uhamiaji, mikopo na biashara ya nje, utumishi wa serikali ya Muungano, kodi ya mapato na ushuru wa forodha, kisha bandari, usafiri wa anga, posta na simu kwa pamoja. Mengine yote yalibaki Zanzibar, ikiwa na serikali yake na chombo chake cha kutunga sheria. Yasome tena mambo hayo 11. Ardhi hamna. Skuli hamna. Hospitali hamna. Na mahkama hamna. Hiyo ya mwisho tutairudia.

Ukitaka picha, fikiria nyumba ya ghorofa Mji Mkongwe wanayokaa ndugu wawili. Mlango wa barabarani ni mmoja, na mgeni akigonga humjibu aliyepewa funguo za mlango huo. Lakini kila ndugu ana ghorofa yake, jiko lake, na hakuna anayeingia kumpangia mwenziwe chakula. Rais wa Zanzibar ndiye mwenye ghorofa. Kumwita mpangaji ni kumkosea, na kumwita mwenye mlango wa barabarani ni kuongeza.

Karume mwenyewe alipewa nafasi upande wa pili: akawa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Muungano, na Rashidi Kawawa akawa Makamu wa Pili. Kuanzia hapo watu wakazoea kwamba Rais wa Zanzibar moja kwa moja ana cheo cha umakamu Muungano. Mazoea hayo yalidumu miongo mitatu, na wazee wengi hadi leo hudhani ndivyo ilivyo. Sivyo. Mwaka 1994 Katiba ya Muungano ilifanyiwa mabadiliko ya 11, na kuanzia uchaguzi wa 1995 Makamu wa Rais wa Muungano huwa mgombea mwenza, anayechaguliwa pamoja na Rais kwa tiketi moja. Wa kwanza alikuwa Dk. Omar Ali Juma, Mpemba. Sababu si siri: vyama vingi vilikuwa vimerudi mwaka 1992, na ikaonekana kwamba chama kimoja kinaweza kushinda Zanzibar na chengine kikashinda Muungano, na Rais angejikuta na makamu wa chama pinzani. Rais wa Zanzibar aliachwa na ujumbe katika baraza la mawaziri la Muungano.

Vuga, kabla ya kuwapo rais yeyote

Ukipita barabara ya Kaunda ukitokea Mnazi Mmoja utaiona Ikulu, kisha bustani ya Victoria ng'ambo ya pili, na hatua chache mbele, pale Vuga, jengo la zamani la Mahkama Kuu, jeupe, lenye matao, mchanganyiko wa ujenzi wa Kiarabu na wa Kizungu. Mchoraji wake, John Sinclair, alikuwa ofisa wa Kiingereza, na lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20. Maana yake, wakati jengo lile linaanza kusikiliza kesi, neno rais halikuwa na mtu visiwani humu.

Enzi za himaya kulikuwa na mahkama za Sultani kwa raia wake, na kuanzia 1897 mahkama ya Kiingereza kwa raia wa Uingereza na waliokuwa chini ya ulinzi wake. Makadhi walikuwapo kwa madhehebu mawili, Ibadhi na Sunni. Asiyeridhika katika mfumo wa Kiingereza alikata rufaa kwenye Mahkama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa 1902, na ngazi ya juu kabisa ilikuwa London, kwenye Baraza la Mfalme. Kwa hiyo wanaosema kwamba Mahkama Kuu ya Zanzibar "zamani" ilikuwa ya mwisho, waulizwe zamani ipi. Katika mfumo ule wa wakoloni, daima palikuwa na ngazi juu yake, na ngazi hiyo ilikuwa nje ya visiwa.

Muungano ulipokuja, mahkama haikuwa jambo la Muungano, na Zanzibar ikabaki na Mahkama Kuu yake na Jaji Mkuu wake. Hapa ndipo linapojibika swali la tatu la barazani. Jaji Mkuu wa Zanzibar huteuliwa na Rais wa Zanzibar, na ndiye anayemwapisha Rais huyo. Jaji Mkuu wa Tanzania huongoza Mahkama ya Rufani na huteuliwa na Rais wa Muungano. Huyu wa kwanza si naibu wa huyu wa pili. Mfano mzuri ni marehemu Augustino Ramadhani, mzaliwa wa Unguja, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar katika miaka ya 1980, kisha akahamia Mahkama ya Rufani, na mwaka 2007 akawa Jaji Mkuu wa Tanzania. Alivishika vyeo vyote viwili, kwa nyakati mbili, kwa uteuzi wa marais wawili tofauti.

Lakini kati ya 1964 na 1985 Mahkama Kuu ilipita kwenye kipindi kigumu, na kipindi hicho hakisimuliwi vya kutosha.

Mwaka 1966 iliundwa mahkama maalumu ya makosa ya kisiasa. Kisha amri ya 1969 ikaleta Mahkama za Wananchi, zilizoanza kazi 1970. Hoja ya waliozianzisha ilikuwa kwamba sheria za Kiingereza ni za wakoloni, mawakili ni wa wenye fedha, na mwananchi ahukumiwe na wananchi wenziwe kwa lugha anayoielewa. Hoja hiyo ina uzito. Nani asiyemjua mtu aliyekata tamaa ya haki kwa sababu ya gharama na kuzungushwa? Tatizo lilikuwa utekelezaji. Kesi ilisikilizwa na watu watatu ambao hawakulazimika kuwa na elimu ya sheria. Mawakili hawakuruhusiwa kabisa. Mshtakiwa alisimama peke yake, awe anajua kusoma au hajui, na mbele yake wakakaa watu waliowekwa na serikali ile ile iliyomshtaki.

Mfano wake mkubwa ni kesi ya uhaini. Mzee Karume aliuawa Aprili 7, 1972, katika makao makuu ya Afro-Shirazi, Kisiwandui. Washtakiwa walifikishwa Mahkama ya Wananchi mwaka 1973, na kesi ikaendelea hadi 1974. Kwa kuwa mawakili walikuwa hawaruhusiwi, Mwanasheria Mkuu Wolfango Dourado alijikuta akiendesha mashtaka na papo hapo akieleza upande wa utetezi. Mtu mmoja, kesi moja, pande zote mbili. Hata awe mwadilifu kiasi gani, hakuna binadamu anayeweza kuutetea uhai wa mtu asubuhi ile ile anayoomba anyongwe. Nasema hivi bila kutaka kufungua upya nani alifanya nini. Nazungumzia utaratibu, na utaratibu ule haukuwa wa haki.

Kesi hiyo hiyo ilionyesha pia mpaka wa mamlaka ya Zanzibar. Baadhi ya waliohukumiwa kifo, akiwemo Abdulrahman Mohamed Babu, walikuwa wamezuiliwa Tanzania Bara, na walihukumiwa bila ya kuwapo. Nyerere hakuwakabidhi. Babu aliachiwa 1978. Hukumu ya mahkama ya Zanzibar ilifika ukingoni mwa bahari ikasimama, na hapakuwa na mahkama ya juu iliyokuwa na uwezo wa kuamua baina ya serikali hizo mbili.

Huku nyuma, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mahkama yake ya rufaa ikafa nayo. Tanzania ikaunda Mahkama ya Rufani mwaka 1979, na Mahkama hiyo ikaongezwa katika orodha ya mambo ya Muungano, orodha ambayo sasa imefika 22. Wanaosema Mahkama ya Rufani ilikuwa ndani ya makubaliano ya 1964 wanakosea kwa miaka 15.

Jumbe, na mahkama ambayo haijawahi kukaa

Aliyemfuata Karume ni Aboud Jumbe. Wakati wake TANU na Afro-Shirazi ziliungana kuwa CCM, Februari 5, 1977, na wakati wake Zanzibar ikapata katiba yake ya kwanza tangu Mapinduzi, ile ya 1979, iliyoanza kutumika Januari 1980 pamoja na Baraza la Wawakilishi. Mwaka huo huo wa 1980 Wazanzibari walimpigia kura Rais wao kwa mara ya kwanza, ingawa mgombea alikuwa mmoja, kura ya ndiyo au hapana.

Jumbe ndiye kiongozi aliyelichukulia swali letu la barazani kuwa swali la sheria. Aliona kwamba muundo wa Muungano uliokuwapo haulingani na Hati za 1964, na akataka jambo hilo liamuliwe na Mahkama Maalumu ya Katiba, chombo kilichotajwa ndani ya Katiba ya Muungano ya 1977. Kabla ya hapo kufika popote, mjadala ulihamia kwenye kikao cha Halmashauri Kuu ya CCM Dodoma, Januari 1984, na Jumbe akatoka kikaoni akiwa si Rais wa Zanzibar tena. Alijiuzulu vyeo vyote, akaishi maisha ya utulivu Dar es Salaam hadi alipofariki Agosti 14, 2016.

Mahkama hiyo Maalumu watu wengi hawaijui, na inastahili kujulikana. Kazi yake ni moja tu: kusuluhisha pale Serikali ya Muungano na Serikali ya Zanzibar zinapotofautiana juu ya tafsiri ya Katiba ya Muungano. Nusu ya wajumbe wake huteuliwa na serikali moja, nusu na nyengine. Uamuzi haupiti mpaka ukubaliwe na theluthi mbili ya wajumbe wa Bara na theluthi mbili ya wajumbe wa Zanzibar. Haina jengo wala majaji wa kudumu. Huundwa pale mgogoro unapopelekwa. Tangu iandikwe, haijawahi kukaa. Tumebishana kuhusu mafuta, kuhusu mgawano wa mapato, kuhusu Zanzibar kuwa nchi au kutokuwa, na mlango huo haujafunguliwa hata mara moja.

Baada ya Jumbe, Ali Hassan Mwinyi alishika urais wa Zanzibar na ndani ya muda mfupi ikaandikwa Katiba ya 1984, ambayo ndiyo tunayoitumia, pamoja na marekebisho yake. Iliingiza haki za binadamu kwa mara ya kwanza tangu Mapinduzi, ikamtenga Rais na kazi ya kuhukumu, na 1985 zikafuata sheria tatu za kuujenga upya mfumo wa mahkama: sheria ya Mahkama Kuu, ya mahkama za mahakimu, na ya mahkama za kadhi. Mahkama za Wananchi zikaisha. Mawakili wakarudi Vuga. Mwaka huo huo Mwinyi akahamia kwenye urais wa Muungano, na Idris Abdul Wakil akachukua nafasi yake hapa. Mwinyi alikuwa Rais wa Zanzibar kisha Rais wa Muungano, vyeo viwili mbali mbali, kama ambavyo leo Samia Suluhu Hassan, mtoto wa Makunduchi, ni Rais wa Muungano na si Rais wa Zanzibar.

Kwa hivyo nani mkubwa?

Mahkama Kuu ya Zanzibar haiko chini ya Mahkama Kuu ya Tanzania Bara. Katiba ya Muungano yenyewe inaitambua na kuiacha iendelee. Juu yake iko Mahkama ya Rufani, na majaji wake huvuka kuja kusikiliza rufaa za Zanzibar hapa hapa. Lakini si kila kesi inakwenda huko. Kifungu cha 99 cha Katiba ya Zanzibar kinazuia mambo kadhaa, na mawili yanatugusa sana: tafsiri ya Katiba ya Zanzibar yenyewe, na mashauri ya Kiislamu yaliyoanzia mahkama za kadhi. Talaka, mirathi au malezi ya watoto yaliyoanzia kwa kadhi wa Mkoani yanaishia Mahkama Kuu ya Zanzibar. Anayemtisha mtalaka wake kwamba "nitakufikisha Dodoma" hana njia hiyo.

Mahkama ya Rufani nayo imewahi kuligusa suala la urais, ingawa kwa kupitia mlango wa jinai. Katika kesi ya Machano Khamis Ali na wenzake 17, wanachama wa chama cha upinzani cha CUF walioshtakiwa kwa uhaini dhidi ya Serikali ya Zanzibar, ilisema Novemba 2000 kwamba uhaini hutendwa dhidi ya dola, na dola ni Jamhuri ya Muungano. Zanzibar peke yake haiwezi kutendewa kosa hilo. Uamuzi huo uliwapendeza watu kwa sababu ulionyesha kwamba wenzao hawakustahiki kushtakiwa kwa kosa hilo, na uliwachoma watu wale wale kwa sababu ya kile ulichosema kuhusu nchi yao. Ndio maana Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliposema bungeni mwaka 2008 kwamba Zanzibar si nchi, moto uliwaka upya. Mwaka 2010 Baraza la Wawakilishi likapitisha marekebisho ya 10, na Katiba ya Zanzibar sasa inasema wazi kwamba Zanzibar ni nchi, na ni moja kati ya nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Nchi, ndiyo. Dola peke yake, hapana. Kauli hizo mbili zinaweza kukaa pamoja ukizingatia maana tulizoanza nazo, japo si kila mwanasheria anakubali kwamba zinakaa vizuri.

Namna nzuri ya kuyaona haya yote ni kufuata kesi moja ya kawaida. Tuseme ng'ombe kaibiwa Micheweni. Mtuhumiwa anakamatwa na Polisi, na Polisi ni wa Muungano. Jalada linakwenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka wa Zanzibar, ofisi ya Zanzibar. Kesi inasikilizwa na hakimu wa Zanzibar kwa sheria iliyopitishwa Chukwani. Akitiwa hatiani anapelekwa Chuo cha Mafunzo, yaani jela, ambacho ni cha Zanzibar. Kama vilivyo vikosi vya KMKM na JKU, kiko chini ya Rais wa Zanzibar. Rufaa yake inasikilizwa na Mahkama Kuu, ambayo ina ofisi Chake Chake, na ikibidi inapanda Mahkama ya Rufani, ambayo ni ya Muungano. Na akiomba msamaha, mwenye uwezo wa kumsamehe ni Rais wa Zanzibar. Mwizi mmoja wa ng'ombe kaingia Muungano, katoka, kaingia tena, katoka tena, bila ya kupanda boti. Mkuu wa mkoa hateui Jaji Mkuu wala hasamehe wafungwa. Na mkuu wa dola hasubiri polisi wa serikali nyengine wamkamatie mwizi.

Limebaki swali linaloulizwa Pemba kuliko pahala pengine popote, na huulizwa kwa uchungu kila baada ya uchaguzi: mbona matokeo ya urais hayapelekwi mahkamani? Jibu limo kwenye kifungu cha 34 cha Katiba ya Zanzibar. Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza Rais, hakuna mahkama inayoruhusiwa kuchunguza kuchaguliwa kwake. Katiba ya Muungano ina katazo kama hilo kwa Rais wa Muungano. Kwa hiyo mwaka 2015, uchaguzi wa Oktoba ulipofutwa na ukarudiwa Machi 20, 2016, watu waliotarajia kuiona Vuga ikiamua nani Rais walikuwa wanatarajia jambo ambalo majaji wamezuiliwa kulifanya kwa maandishi. Mgombea wa uwakilishi asiyeridhika anaweza kufungua shauri Mahkama Kuu kesho yake. Mgombea urais hawezi. Naamini katazo hilo linapaswa kuondoka, kwa sababu linakiweka kiti chenye nguvu kuliko vyote visiwani nje ya macho ya Mahkama iliyopigania miaka 15 kurudishiwa kazi yake. Lakini majaji hawana uwezo wa kuliondoa. Wenye uwezo huo ni wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, na wao tunawachagua sisi.